Mashine ya kuchonga mbao imegoma? Ichongeshe hewa kabla ya kununua bodi mpya

Umezoea kusoma hapa habari za parachichi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Leo tuzungumzie mashine ya kuchonga mbao, ile ndogo ya mezani inayoendeshwa na kompyuta. Najua kuna atakayeuliza: afisa ugani na mashine ya mbao, wapi na wapi?

Jibu ni fupi. Katika vijiji ninavyohudumia mkoani Njombe, kaya nyingi zina miti shambani, paini au milingoti. Mkulima anayeuza mti uliosimama anapata bei ndogo. Anayeuza mbao anapata zaidi kidogo. Anayeuza ua lililochongwa la kubandika kwenye kichwa cha kitanda, kibao cha jina la duka au fremu ya picha, anapata faida kubwa zaidi kutoka kwenye kipande kilekile. Ndiyo maana vijana kadhaa wamenunua hizi mashine, wengine kwa fedha za vikoba. Na ndiyo maana nikipita kukagua mtamba au kitalu cha parachichi, naitwa pembeni: "Afisa, hebu njoo uone na huku, mashine imekufa."

Mimi si fundi umeme. Nina stashahada ya kilimo. Lakini nimekaa na wachongaji hawa muda mrefu, tumesoma pamoja vijitabu vya mashine, na tumeshika spana pamoja. Nilichokiona ni hiki: mashine nyingi zinazoitwa "zimekufa" ni nzima. Tatizo huwa kwenye umeme, vumbi, biti au mbao yenyewe. Kama vile huwezi kwenda kununua dawa ya viazi kabla hujageuza jani ukaangalia chini yake, usiende kununua kifaa kipya kabla hujajua ugonjwa uko wapi.

Mashine ninayoizungumzia

Ni ile inayoandikwa 3018. Namba hizo zinamaanisha inaweza kuchonga eneo la sentimeta 30 kwa 18. Ina mota tatu ndogo zinazosukuma: moja kushoto na kulia, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Kila mota imeunganishwa na skrubu ndefu kwa kiungo kidogo ambacho mafundi wanakiita kapulingi. Juu kuna mota ya nne, ndiyo inayozungusha biti. Biti inashikwa na koleti, yaani kile kishikio chenye mipasuko kinachokazwa kwa nati. Bodi inapokea maagizo ya kompyuta kupitia waya wa USB, na adapta inashusha umeme wa ukutani kuwa volti 24.

Kama yako ni kubwa zaidi, mengi ya hapa yatakufaa, ila kwenye umeme usifungue chochote bila fundi.

Mtamba uliokaribia kuuzwa

Nikupe mfano mmoja ili uone kwa nini nalisisitiza jambo hili. Kuna mama mmoja mjane na kijana wake. Walikopa shilingi 900,000 kwenye kikoba, wakanunua mashine na laptopu iliyotumika. Rejesho lilikuwa 90,000 kila mwezi. Kijana alipata oda nzuri: maua 60 ya vitanda kwa seremala wa Makambako. Wiki ya pili mashine ikaanza vituko. Mara inasimama katikati ya kazi, mara ua linahama: nusu ya chini iko sawa, nusu ya juu imesogea pembeni kama milimita nne. Mbao kumi na moja zikaharibika.

Walimpelekea fundi mmoja mjini. Bila kuiwasha mbele yao, akasema bodi imeungua, ilete 280,000. Mama hakuwa na fedha hiyo. Nilipofika kwao kwa ajili ya chanjo, nilimkuta ameshamwita mnunuzi wa ng'ombe. Alikuwa anauza mtamba wenye mimba ya miezi mitano ili anunue bodi. Nikamwambia, "Mama, huyu mtamba ndiye maziwa yako ya mwaka ujao. Mpe mnunuzi siku mbili asubiri."

Siku mbili hizo tulizitumia kwa kipimo kimoja tu. Nitakueleza kipimo hicho sasa, na tulichokipata kitajitokeza humohumo.

Kipimo cha kwanza: ichongeshe hewa

Zima mashine. Toa mbao, toa na biti. Inua kichwa cha mashine kama sentimeta 2 juu ya pale mbao inapokaa, lakini kibaki na nafasi ya kupanda. Hapo paweke kuwa ndiyo sifuri. Kisha endesha kazi ileile iliyokusumbua, mwanzo hadi mwisho. Mashine itatembea kana kwamba inachonga, lakini haigusi kitu.

Fanya mara mbili. Mara ya kwanza mota ya biti ikiwa imezimwa, mara ya pili ikiwa inazunguka. Majibu ni matatu:

1. Ikikwama hata mota ya biti ikiwa imezimwa, angalia kompyuta, waya wa USB, umeme, au skrubu ndefu zilizojaa vumbi.

2. Ikipita ya kwanza ikakwama ya pili, mota ya biti inasumbua nyaya nyingine, au umeme hautoshi pale inapowaka.

3. Ikipita zote mbili, bodi yako haina shida. Ugonjwa uko kwenye biti, mbao, kina cha kuchonga, au kitu kilicholegea ambacho kinateleza pale tu kinapobeba mzigo.

Kwa yule mama tulianza saa mbili asubuhi. Ikapita zote mbili, dakika arobaini bila kukohoa. Jioni tukarudia, na mashine ya kusaga ya jirani ikiwa inafanya kazi. Mara ya pili ikazimika katikati. Kwa hiyo tulikuwa na magonjwa mawili tofauti, na yote mawili hayakuwa bodi.

Ikiwa inasimama katikati ya kazi

Anza na kompyuta. Laptopu nyingi zimepangwa kulala baada ya dakika kadhaa bila kuguswa. Ikilala, inaacha kutuma maagizo na mashine inasimama. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, iambie isilale kabisa inapokuwa kwenye chaji. Hili peke yake nimeona likiponya mashine mbili.

Pili, waya wa USB. Tumia mfupi, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na upitishe mbali na waya wa mota ya biti. Usiufunge pamoja nao kwa gundi ya karatasi ili meza ipendeze.

Tatu, soketi. Usichangie soketi moja na grenda, friji au mashine ya kuchomelea. Vinapowaka, umeme unashuka ghafla, na bodi inaanza upya kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kwenye laini inayolisha mashine ya kusaga, jipangie saa. Kijana yule sasa anachonga alfajiri hadi saa nne, na baada ya hapo anafanya kazi ya msasa na vanishi. Hakununua kitu chochote.

Pia hakikisha nyumba ina waya wa arthi unaofanya kazi. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na fedha yake usiionee uchungu.

Ikiwa picha inahama

Hapa ndipo penye lile ua lililosogea milimita nne. Zima, chomoa umeme, kisha shika skrubu ndefu kwa mkono mmoja na kapulingi kwa mwingine. Jaribu kuzizungusha kinyume. Zikiteleza hata kidogo, umempata mwizi. Kapulingi ina skrubu ndogondogo za kukazwa kwa alenki, ile spana ya L iliyokuja kwenye boksi. Mtikisiko unazilegeza taratibu. Mashine ikichonga hewa inapita vizuri kwa sababu haina mzigo. Ikikutana na kifundo cha mbao, mota inazunguka lakini skrubu haifuati. Kuanzia hapo kila kitu kinasogea.

Zikaze zote, mota zote tatu, usikaze ile moja tu. Kaza kwa kiasi, maana ni ndogo na kichwa chake huliwa haraka.

Kama zote zimekazwa na picha bado inahama, unailazimisha. Mashine hii si trekta. Kwa paini na biti ya milimita 3, kina cha nusu milimita hadi milimita 1 kwa kila pito kinatosha. Ua la kina cha milimita 4 lichongwe kwa pito nyingi. Mwenye haraka anavunja biti, halafu anachelewa zaidi.

Dalili nyingine na maana yake

*Duara halifungi vizuri.* Mwanzo na mwisho wa mstari havikutani. Nati inayotembea kwenye skrubu ndefu imelika au imelegea. Sukuma kichwa kwa kidole mashine ikiwa imezimwa: kikicheza kushoto na kulia, ndiyo hiyo.

*Upande mmoja unachongwa sana, mwingine kidogo.* Mbao imepinda au meza haiko sawa. Funga ubao wa MDF juu ya meza, kisha iache mashine yenyewe iurande wote kwa kina kidogo. Kuanzia hapo ubao huo uko sawa na kichwa. Kupata sifuri ya kina, weka karatasi juu ya mbao, shusha biti polepole huku ukivuta karatasi. Ikianza kushikwa, umefika.

*Kina kinaongezeka kadiri kazi inavyoendelea.* Biti inateleza kutoka kwenye koleti. Mara nyingi ndani ya koleti mna vumbi. Itoe, isafishe kwa mswaki mkavu, ibonyeze kwanza kwenye nati mpaka ilie "tik", ndipo uingize biti na kukaza. Wengi wanaitumbukiza koleti kwanza na kufunga nati juu yake. Ukifanya hivyo haishiki sawasawa.

*Mbao inaungua na kutoa moshi.* Biti ni butu, au inazunguka kwa kasi huku ikisogea polepole mno. Angalia kinachotoka. Biti nzima inatoa maranda madogo unayoweza kuyaona. Biti butu inatoa unga laini kama wa ngano. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kujua bila kifaa chochote.

*Biti inaonekana nzima lakini haikati.* Kwa paini, chunguza utomvu. Unaganda kwenye makali na kuyafunika. Toa biti, iloweke kwenye mafuta ya taa kwa muda, isugue kwa mswaki, ikaushe. Fanya nje, mbali na jiko.

*Mota ya biti inapiga kelele mpya au inachemka.* Zima, chomoa. Ukishindwa kuishika kwa sekunde chache, iache ipoe. Mota hii ndogo ni kama tairi, huisha na hubadilishwa. Ikianza kulia kama kokoto, beringi zimechoka.

Mbao mbichi ndiyo adui aliyejificha

Tulipokaza kapulingi za yule kijana, ua la kwanza lilitoka zuri. La pili nyuzi zikanyanyuka kama nywele na mashine ikaanza kuguna. Nikashika mbao nyingine: ilikuwa ya baridi na nzito. Ilitoka kwenye mashine ya kupasulia wiki iliyotangulia.

Ndugu mkulima, hapa ndipo ugani unapoingia. Huwezi kuweka mahindi ghalani yakiwa na unyevu wa asilimia 20; unayakausha yafike 13. Mbao nazo ni hivyohivyo. Iliyopasuliwa leo ina unyevu zaidi ya asilimia 30. Ya samani za ndani inatakiwa ishuke hadi karibu asilimia 12 hadi 15. Ukichonga mbichi, nyuzi zinanyanyuka, unga unaganda kwenye biti, na ua ulilouza likiwa zuri linapasuka likiwa kwa mteja. Mteja hatakumbuka unyevu, atakumbuka jina lako.

Zipange mbao kivulini penye upepo, juu ya magogo zisiguse ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene sawa ili hewa ipite, na juu weka uzito zisipinde. Huku kwetu kwenye ukungu na baridi ya Juni na Julai, zitachukua muda mrefu kuliko kwa mwenzako wa Usangu. Hesabu wiki nyingi, si siku.

Kwa mahindi unajua kipimo cha chupa na chumvi. Kwa mbao tumia mizani ya duka. Kata kipande kimoja kutoka katikati ya mbao, si kwenye ncha, kiandike namba, kipime, kiweke katikati ya rundo. Kipime kila wiki na uandike. Uzito ukiendelea kupungua, bado. Ukibaki uleule wiki mbili au tatu mfululizo, mbao imekauka kwa kadiri hali ya hewa yako inavyoruhusu.

Yule kijana hakuweza kusubiri wiki zote hizo na oda mkononi. Alinunua vipande vikavu vilivyobaki kwa seremala wa jirani. Alimaliza maua 34 kati ya 60; yaliyobaki seremala wa Makambako aliyatafuta kwingine. Rejesho la mwezi ule lililipwa kwa magunia ya viazi. Mtamba hakuuzwa. Hasara ilikuwepo, lakini ilikuwa ya maua 26, haikufika kwenye ng'ombe.

Matunzo ya kawaida

*Kila siku baada ya kazi:* chomoa umeme, safisha vumbi kwa brashi ya rangi yenye nywele laini, kutoka juu kwenda chini. Usipulize kwa pampu ya hewa, maana unalisukuma vumbi ndani ya nati na bodi. Toa biti, ipanguse, ihifadhi kwenye kiboksi ili makali yasigongane. Funika mashine kwa kitambaa.

*Kila wiki:* panguza skrubu ndefu na vyuma vya kutelezea kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Kisha paka tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa na upitishe, yabaki kama utando tu. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda. Usitumie grisi, inashika vumbi na kuwa ugali unaosaga nati. Pitia skrubu zote za kapulingi na fremu kwa alenki.

*Kila mwezi:* kagua nyaya pale zinapojikunja, angalia kutu hasa msimu wa ukungu, piga tena karatasi kwenye pembe nne za meza uone kama bado iko sawa.

Na uwe na daftari. Ng'ombe wako ana kadi ya chanjo na maziwa, mashine nayo iwe na yake: tarehe, saa ilizofanya kazi, aina ya mbao, biti iliyotumika, tatizo na ulivyolitatua. Baada ya miezi mitatu utajua biti moja inachonga maua mangapi kabla ya kuwa butu, na utaiweka gharama hiyo kwenye bei. Wafanyabiashara wengi wanahesabu mbao na umeme, wanasahau biti, halafu wanashangaa faida imekwenda wapi.

Usalama si mapambo

Vumbi la mbao si uchafu wa kawaida. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vaa barakoa nzuri, na usiiweke mashine chumba wanacholala watoto. Vaa miwani, biti ikivunjika inaruka. Kanga, mikono mirefu na nywele zilizoachwa ni hatari karibu na kitu kinachozunguka. Usiiache peke yake ukaenda sokoni: biti butu ikisugua sehemu moja ndani ya vumbi inaweza kuwasha moto.

Wakati wa kuita fundi

Muite ukiona harufu ya kuungua kutoka kwenye bodi au adapta, ukipigwa shoti hata ndogo, au mashine ikikataa kuwaka kabisa baada ya kujaribu soketi nyingine unayoiamini. Nenda na daftari lako. Mwambie, "Imechonga hewa mota ya biti ikiwa imezimwa, ikakwama ilipowashwa," au vyovyote ulivyoona. Mwombe aiwashe na kuipima mbele yako kabla ya kutaja kifaa cha kununua. Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Anayetaja bei kabla ya kupima, mshukuru, beba mashine yako, urudi nyumbani ukaichongeshe hewa.